Misumari ya Jahazi na Deni la Elektroni: Kusawazisha Redoksi katika Asidi na Besi

Mitihani ya Kidato cha Nne ikikaribia, baraza letu hapa Langoni, Lamu, hugeuka darasa. Watoto wa mtaa hunijia na madaftari kwa sababu zamani nilisomesha kemia, na swali ni lile lile kwa vinywa tofauti. Juzi alikuja mtoto wa kaka yangu, kanuna.

"Ami, mai haya yatoka wapi?"

Alikuwa akinionyesha mlinganyo ambao mwanzoni haukuwa na maji wala haidrojeni, na mwishoni ukawa na vyote viwili. Kwake yeye huo ni ujanja wa walimu: hesabu ikikataa, mimina maji hapa, tia H⁺ (haidrojeni yenye chaji chanya) pale, hata pande mbili zilingane.

Pembeni alikuwa amekaa fundi wa majahazi kutoka Matondoni, kaja mjini kununua misumari. Aliposikia tumetaja kutu akaingilia. "Hilo halitaki daftari. Chumvi yala chuma, basi."

Nikaona hawa wawili wana swali moja. Kijana anadhani maji yametiwa katika kesi isiyowahusu. Fundi ameshahukumu chumvi. Na mlinganyo uliosawazishwa vizuri kazi yake ni hiyo hasa: kutaja nani alishiriki, kwa kiasi gani, na nani alikuwa mpita njia tu.

Tuanze na maneno yenyewe. Ndani ya kila atomi kuna elektroni, chembe ndogo mno zenye chaji hasi. Atomi ikipoteza elektroni au ikipokea za ziada, inabaki na chaji, nayo huitwa ioni. Fe²⁺ ni chuma kilichopoteza elektroni mbili. Kupoteza elektroni ndiko oksidisho, na kupokea ndiko ridaksheni. Hakuna anayepoteza pasipo wa kupokea, kama vile hakuna mdeni asiye na mdai, kwa hiyo majina mawili yakaunganishwa kuwa moja: redoksi.

Neno oksidisho limewapoteza wengi, kwani linasikika kama lazima oksijeni iwepo. Lawama ni ya historia. Mfaransa Antoine Lavoisier ndiye aliyeeleza kuwa kitu kikiungua au kikishika kutu kinaungana na oksijeni. Aliuawa mwaka 1794. J. J. Thomson aligundua elektroni mwaka 1897, miaka 103 baadaye. Jina lilishazaliwa na kuzeeka kabla ya mtu yeyote kujua kinachohama ni nini, na hakuna aliyejisumbua kulibadilisha.

Mfano ambao oksijeni haipokei wala haitoi elektroni hata moja tunao karibu. Lamu ina masonara wa fedha. Chukua waya wa shaba, uchovye katika maji yaliyoyeyushwa naitreti ya fedha. Baada ya muda fuwele za fedha huota juu ya waya kama manyoya, na maji huanza kuwa ya buluu. Shaba imetoa elektroni, fedha imepokea. Mwanafunzi mwenye haraka huandika hivi:

Cu + Ag⁺ → Cu²⁺ + Ag

Shaba moja kushoto, moja kulia. Fedha vivyo hivyo. Anaweka kalamu chini. Lakini hesabu chaji: kushoto ni +1, kulia ni +2. Kuna elektroni moja imetoweka njiani, na elektroni hazitoweki. Shaba hutoa mbili kwa mpigo, fedha hupokea moja moja, kwa hiyo zahitajika fedha mbili:

Cu + 2Ag⁺ → Cu²⁺ + 2Ag

Katika miaka yangu ya kusahihisha, kosa la kulinganisha atomi na kusahau chaji nimeliona kuliko kosa lingine lolote. Dawa yake ni kuugawa mlinganyo vipande viwili, kila kimoja kikaitwa nusu-mlinganyo. Kimoja kinaonyesha anayetoa elektroni, kingine anayepokea. Unasawazisha kila kimoja peke yake, unahakikisha elektroni zilizotolewa ni sawa na zilizopokewa, kisha unaviunganisha na elektroni zinafutika. Zikibaki elektroni katika jibu la mwisho, rudi nyuma.

Mpaka hapa hakuna asidi wala besi. Hizo huingia pale atomi za oksijeni zinapobadilisha mahali, na karibu kila redoksi ya ndani ya maji inayomsumbua mwanafunzi ni ya namna hiyo.

Maji si kitu tulivu kama yanavyoonekana ndani ya mtungi. Sehemu ndogo sana ya molekuli zake hugawanyika daima kuwa ioni mbili, H⁺ ya haidrojeni na OH⁻ ya haidroksaidi, kisha hurudiana. Katika maji safi hivyo viwili viko sawa. Myeyusho ukiwa na H⁺ nyingi kuliko OH⁻ ni asidi: ndimu, siki, ukwaju. OH⁻ zikizidi ni besi, na besi iliyoyeyuka majini huitwa pia alkali: maji ya chokaa, sabuni, magadi. Kipimo chake ni pH, alichokitunga Søren Sørensen wa Denmark mwaka 1909. Maji safi ni 7. Maji ya ndimu ni kama 2. Maji ya chokaa, ile waliyopigia lipu nyumba zetu za mawe, hupita 12. Bahari ni kama 8, yaani ni besi dhaifu, ingawa ukiionja ulimi hukwambia chumvi tu. Kila hatua moja ya pH ni mara kumi, kwa hiyo pH ikiwa 8, OH⁻ ni kama mara mia ya H⁺. Katika ndimu, H⁺ huzishinda OH⁻ mara mabilioni.

Sasa kanuni yote imo humu: ukisawazisha, unaruhusiwa kutumia kile tu kilichomo ndani ya chombo. Katika asidi mna maji na H⁺ tele. Katika besi mna maji na OH⁻ tele. Mpishi wa Shela akiishiwa nazi hawezi kuandika nazi katika pishi lake la leo. Anapika na kilichopo.

Twende kwenye msumari wa fundi. Chuma kinatoa elektroni mbili:

Fe → Fe²⁺ + 2e⁻

Anayezipokea ni oksijeni ya hewani iliyoyeyuka ndani ya maji. Inaishia wapi? Tuchukulie kwanza kwamba maji ni ya asidi, kwa sababu njia ya asidi ndiyo nyepesi. Oksijeni O₂ ina atomi mbili, na katika asidi huishia kuwa maji. Kila molekuli ya maji ina oksijeni moja, basi andika maji mawili kulia. Haidrojeni nne zimejitokeza huko kulia, na upande wa kushoto zinatolewa na H⁺ nne, maana ndizo zilizojaa chomboni. Sasa chaji: kushoto +4, kulia sifuri. Tia elektroni nne kushoto ilingane:

O₂ + 4H⁺ + 4e⁻ → 2H₂O

Utaratibu ni huo: atomi nyingine kwanza, halafu oksijeni kwa maji, halafu haidrojeni kwa H⁺, mwisho chaji kwa elektroni. Ukianza na elektroni utazunguka kama mgeni aliyepotea katika vichochoro vya Mkomani.

Lakini jahazi halielei ndani ya ndimu. Bahari ni besi, na humo H⁺ ni chache mno kuziandika kama mshiriki mkuu. Hapa ndipo wanafunzi hudhani lazima wajifunze njia nyingine kabisa. Hakuna haja. Chukua jibu la asidi, hesabu H⁺ zilizomo, kisha ongeza OH⁻ idadi hiyo hiyo pande zote mbili. Ni kama mizani ya dukani: ukitia jiwe la kilo kila upande, mkono hausogei. Tumepata H⁺ nne, basi OH⁻ nne huku na nne kule. Kushoto H⁺ na OH⁻ zikikutana hugeuka maji, yanakuwa maji manne. Kulia tulikuwa na mawili. Punguza mawili kila upande:

O₂ + 2H₂O + 4e⁻ → 4OH⁻

Kijana aliguna hapa. "Kwa hiyo tumedanganya kwanza, kisha tukatubu?" Nikamwambia sivyo. Tumeandika hesabu kwa lugha nyepesi, halafu tukaitafsiri kwa lugha ya mahali. H⁺ nne za kwanza zilikuwa za karatasini tu. OH⁻ za mwisho ni za kweli: weka msumari ndani ya maji ya chumvi yenye matone ya finolfthalini, dawa inayogeuka waridi penye besi, na sehemu ambako oksijeni inapokea elektroni utaona wekundu wa waridi. Hiyo rangi ndiyo OH⁻ ikijitangaza.

Kumebaki kuunganisha. Chuma hutoa mbili, oksijeni hupokea nne. Punda mmoja hubeba viroba viwili vya mchanga, na mashua haiondoki mpaka ipakie vinne: lete punda wawili. Tunazidisha nusu ya chuma kwa mbili, elektroni nne zinafutana, tunapata:

2Fe + O₂ + 2H₂O → 2Fe²⁺ + 4OH⁻

Fe²⁺ na OH⁻ hushikana kuwa haidroksaidi ya chuma, Fe(OH)₂, nayo oksijeni huiendea tena:

4Fe(OH)₂ + O₂ + 2H₂O → 4Fe(OH)₃

Huo wekundu wa kahawia unaotoka mkononi ukishika msumari wa kale ni jamaa ya hiyo ya mwisho, ikiwa imepoteza sehemu ya maji yake.

Nikamwambia fundi: bwana, nitafutie chumvi hapo. Akainama juu ya daftari, akatafuta kweli. Hakuna Na⁺, hakuna Cl⁻, zile ioni mbili za chumvi. Waliokula chuma ni oksijeni na maji. Chumvi ni mpambe: inayafanya maji yapitishe chaji kwa wepesi, kwani elektroni zinapita ndani ya chuma kutoka sehemu inayoliwa kwenda sehemu inayopokea, na ndani ya maji lazima ioni zitembee kuufunga mzunguko huo. Kloraidi, yaani Cl⁻, pia hutoboa utando mwembamba unaojaribu kukilinda chuma. Ndiyo maana kutu ya pwani ina kasi kuliko ya bara. Lakini chemsha maji ya chumvi utoe hewa yote, yafunike kwa mafuta, tia msumari humo: utakaa siku nyingi bila kutu ya maana. Chumvi ipo, mlaji hayupo.

Fundi hakukubali upesi, naye ana haki, amekaa na misumari kuliko mimi. Alichokubali ni habari ya zinki. Msumari uliochovywa zinki, na kile kipande cha zinki kinachofungwa kwenye mashine za boti, vinafanya kazi kwa sababu zinki hutoa elektroni kwa wepesi kuliko chuma. Zinki inalika, chuma kinapona, mpaka zinki iishe.

Sasa mfano uliomleta kijana barazani, na ndio unaoonyesha vizuri kwamba asidi na besi si mapambo: pamanganeti, ioni MnO₄⁻ iliyomo katika zile fuwele za zambarau. Katika chumba cha majaribio humiminwa kidogo kidogo juu ya myeyusho wa Fe²⁺ wenye asidi ya salfuriki iliyozimuliwa. Zambarau inapotea, manganizi inabaki Mn²⁺ isiyo na rangi ya kuonekana. Fuata utaratibu ule ule. Oksijeni nne kushoto, basi maji manne kulia. Haidrojeni nane kulia, basi H⁺ nane kushoto. Chaji kushoto sasa ni +7, kulia +2, tofauti ni tano:

MnO₄⁻ + 8H⁺ + 5e⁻ → Mn²⁺ + 4H₂O

Chuma hapa hutoa elektroni moja tu, Fe²⁺ ikawa Fe³⁺, basi zahitajika tano:

MnO₄⁻ + 5Fe²⁺ + 8H⁺ → Mn²⁺ + 5Fe³⁺ + 4H₂O

Jumla ya chaji kushoto +17, kulia +17. Na swali la kijana limejibika: maji yale ya kulia hayakumiminwa na mtu. Yametengenezwa. Pamanganeti ina oksijeni nne ambazo manganizi imeziacha, na hazirukii hewani. H⁺ ndizo zinazozichukua na kuzifanya maji. Ushahidi ni huu: asidi ikiwa haba, matokeo ni mengine. Chupa hugeuka ya kahawia, yenye vumbi linalozama. Kila aliyewahi kufanya jaribio hili kwa pupa anaijua aibu hiyo.

Vumbi hilo la kahawia ni MnO₂. Ndilo hutokea katika maji ya kawaida na katika besi. Nusu yake, tukipitia asidi, ni MnO₄⁻ + 4H⁺ + 3e⁻ → MnO₂ + 2H₂O. Ongeza OH⁻ nne pande zote, futa maji yaliyojirudia:

MnO₄⁻ + 2H₂O + 3e⁻ → MnO₂ + 4OH⁻

Angalia tofauti. Katika asidi pamanganeti moja ilipokea elektroni tano, hapa tatu. Katika besi kali sana inaweza kupokea moja tu na kuwa kijani. Dawa ni moja, hali ya maji ikibadilika, uwezo wake unabadilika. Ndiyo maana kusema "sawazisha tu" bila kutaja asidi au besi ni swali lisilokamilika.

Jambo hili hata jikoni lipo. Aliyeosha mboga au kidonda kwa pamanganeti huachwa na doa la kahawia kwenye vidole na beseni. Sabuni hailitoi, na sababu tumeiona: sabuni ni besi, na katika besi MnO₂ imeridhika ilipo. Sugua kwa ndimu. Ndimu ina asidi, na ina pia vitamini C ambayo ni hodari wa kutoa elektroni:

MnO₂ + 4H⁺ + 2e⁻ → Mn²⁺ + 2H₂O

Doa linayeyuka. (Fuwele zenyewe kavu zisishikwe kwa mikono mitupu, zinaunguza ngozi.)

Wengine huuliza habari ya nambari za oksidisho, ile hesabu inayosema manganizi ndani ya MnO₄⁻ ni +7. Inapatikana kwa kuipa kila oksijeni −2: nne ni −8, chaji ya ioni ni −1, basi manganizi lazima iwe +7. Ni daftari la hesabu tu. Usidhani kuna manganizi humo iliyovuliwa elektroni saba ikabaki uchi. Nambari hizo ni nzuri kwa kumtambua nani ametoa na nani amepokea, lakini kwa njia ya nusu-milinganyo huhitaji kuzijua ili kupata idadi ya elektroni. Chaji inakupa yenyewe.

Kuna redoksi moja ambayo ningependa kila nyumba iijue hata kama haina mwanafunzi. Ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, ambayo wengi tunaiita jiki, ni haipokloraiti ya sodiamu, na imewekwa makusudi ndani ya besi. Hutengenezwa kwa kupitisha gesi ya klorini katika alkali:

Cl₂ + 2OH⁻ → Cl⁻ + OCl⁻ + H₂O

Klorini hapa inajigawa: atomi moja inapokea elektroni, mwenzake anatoa. Sasa dawa nyingi za kusugulia choo ni asidi. Kuna wanaoamini kwamba ukichanganya dawa mbili kali unapata moja kali zaidi. Asidi huzila OH⁻ zilizokuwa zikiishikilia klorini, na safari inarudi nyuma:

OCl⁻ + Cl⁻ + 2H⁺ → Cl₂ + H₂O

Hiyo Cl₂ ni gesi ile ile iliyotumika kuua askari Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915. Vyoo vyetu vya nyumba za kale vingi ni vidogo, dirisha ni tundu. Tumia moja, suuza kwa maji mengi, ndipo ufikirie nyingine. Siki na ndimu nazo ni asidi, zisikaribishwe hapo.

Kijana alikuwa ameshaanza kukunja daftari, akakumbuka. "Na mtihani usiposema ni asidi au besi, ami?"

Soma majina yaliyomo. Ukiona OH⁻, haidroksaidi kama Fe(OH)₃, au amonia, uko katika besi. Ukiona H⁺, au jina la asidi yoyote, uko katika asidi. Pamanganeti ikiishia Mn²⁺ ni asidi, na ikiishia MnO₂ aghalabu si asidi kali. Kromiamu nayo husema: dikromati ya chungwa, Cr₂O₇²⁻, ni ya asidi, kromati ya njano, CrO₄²⁻, ni ya besi. Na ukimaliza ukakuta jibu lako lina H⁺ upande mmoja na OH⁻ upande wa pili, au zote mbili upande mmoja, hujamaliza: haziwezi kujaa pamoja katika chombo kimoja. Hesabu atomi, hesabu chaji, tazama kama maji yamebaki pande zote uyapunguze.

Nikampa moja ya kwenda nayo nyumbani. Sufuria ya alumini ikiachwa na maji ya chokaa hutoa mapovu, na mapovu hayo ni haidrojeni. Alumini huishia kuwa Al(OH)₄⁻. Sawazisha katika besi. Alirudi baada ya Isha na karatasi yenye mafuta ya viazi karai:

2Al + 2OH⁻ + 6H₂O → 2Al(OH)₄⁻ + 3H₂

Haidrojeni kumi na nne huku, kumi na nne kule. Oksijeni nane kwa nane. Chaji −2 kwa −2. Hakuuliza maji yametoka wapi.